Robo tatu ya mji ililala: homa ya Amu ya 2004 na hesabu ya maji ya maskini

Mtoto wa Langoni (mwanzilishi wa uzi)

Salaam aleikum, wanajukwaa.

Nimefungua uzi huu kwa sababu juma lililopita, katika mada iliyohusu homa zinazozunguka mitaani kwetu, mchangiaji mmoja alifunga mjadala kwa sentensi moja: kwamba watu wa Amu, yaani mji wa Lamu, wanaugua kwa sababu hawapendi usafi. Sentensi hiyo iliungwa mkono na wengi. Mimi nilizaliwa mtaa wa Langoni hapa mjini na kulelewa na bibi aliyekuwa akifagia ua mara mbili kwa siku, na nilipoisoma sikupata usingizi. Naomba nieleze kwa nini naiona si kweli, na ushahidi wangu nautoa katika mwaka ambao watu wa rika langu hawajausahau.

Katikati ya mwaka 2004 homa iliingia mjini. Haikuwa malaria tuliyoizoea, ile inayomtetemesha mtu, ikamwachia, kisha ikamrudia. Hii ilishika viungo. Mtu aliamka alfajiri, akataka kuteremka kitandani, akakuta vifundo vya miguu vimevimba na vidole vya mikono havikunjiki. Bibi yangu alishindwa kushika kata ya maji. Alikuwa akiibana kati ya viganja viwili na kuinua taratibu, kama mtoto anayejifunza kunywa, na nusu ya maji ikamwagikia kangani. Nyumba ya pili walikuwa wamelala wote saba, na aliyewapelekea uji alikuwa akichechemea mwenyewe. Watu walimeza dawa za malaria kwa kuwa ndizo zilizokuwapo, na hazikuwafaa kitu.

Mwezi wa Julai vipimo vya maabara vilionyesha kwamba maradhi hayo ni chikungunya. Oktoba ya mwaka huo huo watafiti walipima damu za wakazi, wakakuta kwamba robo tatu ya waliopimwa walikuwa wamekwisha kuambukizwa, jambo ambalo katika mji uliokadiriwa kuwa na watu 18,000 lina maana ya watu wapatao 13,500. Ni ugonjwa ambao wengi wetu hatukuwahi hata kusikia jina lake, ijapokuwa jina hilo halikutoka mbali, maana virusi vyake vilitambuliwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 huko Newala, kusini mwa Tanganyika, na neno lenyewe ni la Kimakonde, linalosema juu ya kukunjwa na kupindwa. Aliyemwona bibi yangu akienda msalani asingehitaji kutafsiriwa.

Basi kwa nini Amu, na kwa nini mwaka huo? Hapa ndipo pananigusa. Sisi sote tumezoea kumhusisha mbu na mvua, lakini waliochunguza hali ya hewa ya kipindi kile walikuta kwamba mlipuko ulikuja wakati wa ukame, mvua zikiwa haba na joto la pwani limezidi kawaida. Visima vilipungua. Kila nyumba iliongeza akiba ya maji ndani, na akiba hiyo haikubadilishwa mara kwa mara kwa sababu hapakuwa na maji ya kuibadilishia. Na mbu anayesambaza chikungunya, Aedes aegypti, hana haja na dimbwi la matope. Yeye hupenda maji safi yaliyotulia kivulini, kwenye pipa, mtungi au kasiki. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakifikiwa na maji yakaanguliwa. Katika joto letu, tangu kuanguliwa hadi kuruka huchukua kama juma moja au siku kumi.

Sasa mpime mwenye pampu yake, tangi lililofunikwa juu ya paa na bomba lisilokauka. Huyo hana haja ya pipa. Mwenye kupata maji siku moja na kuyakosa siku nne, au mwenye kuyanunua yakiletwa na punda, ndiye aliye na pipa, na pipa lake halimwagwi kamwe, kwa sababu kulimwaga ni kumwaga fedha. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani husema mtu mmoja ahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku ili aishi kwa afya. Nyumba ya watu sita, kwa kiwango cha chini kabisa, itahitaji lita 300, yaani mitungi 15 ya lita 20. Tuseme mtungi mmoja ukifikishwa mlangoni ni shilingi 30: hizo ni shilingi 450 kila siku iendayo kwa Mungu, kabla ya unga, kabla ya mafuta ya taa, kabla ya ada. Kibarua ambaye siku njema hurudi na shilingi 700 hawezi kununua mitungi 15. Atanunua mitano, na kuanzia hapo nyumba yake inapanga nani aoge, nguo zipi zingoje, na mikono ioshwe na nini.

Nakubali kwamba tajiri naye aliumwa mwaka ule. Hesabu ya robo tatu haiachi mtaa nje, na mbu hakai katika nyumba aliyozaliwa. Lakini chikungunya ni maradhi ya viungo, na mji wetu una watu ambao mtaji wao wote ni viungo: hamali, mvuta nyavu, fundi wa majahazi, mkata mawe ya matumbawe, mama anayekanda maandazi alfajiri. Mwenye duka alilala juma moja na duka likaendeshwa na mtoto wake, ilhali fundi niliyemjua alikaa miezi bila kuweza kukaza ngumi juu ya nyundo, na deni la dukani alilolikopa wakati huo lilidumu kuliko maumivu yenyewe.

Kutoka kwetu homa ilifika Mombasa kabla mwaka haujaisha, ikavuka bahari hadi Komoro mwaka 2005, ikaenda Reunion ambako takriban theluthi ya wakazi waliugua, na mwaka 2006 India ikahesabu zaidi ya watu milioni moja walioshukiwa kuugua. Dunia ilianza kuitafiti kwa bidii baada ya kufika huko mbali. Huku nyuma, mapipa yalibaki palepale.

Naomba maoni, hasa ya wanaopinga.

---

Msemakweli

Ndugu mwanzilishi, mimi ndiye niliyeandika sentensi iliyokunyima usingizi, na sitajificha. Nimekusoma hadi mwisho na nimejifunza mengi, ila sikubali kwamba umaskini ni jibu la kila kitu. Nyuma ya nyumba yangu pana mtaro uliojengwa ili maji yapite. Leo umejaa chupa, nepi na mifuko, na sijawahi kumwona mgeni akija kuvitupa. Samadi ya punda inalala njiani hadi inakauka na kupeperuka. Kuna nyumba ambazo vijana wake hawakosi fedha za simu wala miraa, lakini pipa la maji halina kifuniko. Kifuniko ni kiasi gani? Ukimwambia maskini kwamba hana lawama yoyote, umemwambia pia kwamba hana uwezo wowote.

---

Afisa wa Afya Mstaafu

Nimefanya kazi ya afya ya umma katika pwani hii kwa zaidi ya miaka 30, nikitembea nyumba kwa nyumba na kurunzi, nikichungulia mapipa ya watu. Nadhani mnagombana kwa sababu mnazungumzia mbu mmoja, na mbu wetu ni watatu.

Wa kwanza ni huyo wa pipa, ambaye huuma mchana, hasa asubuhi na kuelekea magharibi. Chandarua cha usiku hakimzuii, na mtaro mchafu haumhusu sana. Kwa hiyo katika chikungunya na dengi, bwana Msemakweli, mtaro wako uliojaa mifuko una hatia ndogo kuliko unavyodhani, isipokuwa zile chupa zinazokinga maji safi ya mvua. Wa pili ni wa malaria, anayeuma usiku. Wa tatu ni yule mbu wa rangi ya udongo, Culex, anayezaliana kwenye karo, vyoo vya shimo na mitaro iliyoziba, na huyo ndiye wa kwako. Huyo pamoja na mbu wa malaria ndio wanaotuletea matende na mabusha.

Juu ya matende nataka kusema zaidi, kwa sababu hayazungumzwi. Minyoo yake huishi ndani ya mishipa ya limfu kwa miaka, ikizaa vimelea vinavyozunguka kwenye damu nyakati za usiku. Mtu huumwa na mbu mara nyingi, kwa miaka mingi, kabla ya mguu kuvimba, na ndiyo maana watu hawauoni uhusiano. Mwaka 2018 Lamu ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini kupewa mseto wa dawa tatu kwa pamoja, yaani ivermectin, DEC na albendazole, badala ya mbili za zamani. Kazi hiyo ilikuwa nzuri. Lakini dawa huua vimelea vilivyomo damuni; hazirudishi mguu uliokwisha kuvimba, na busha huondoka kwa upasuaji. Nimewajua wanaume ambao hawajakwenda msikitini kwa miaka kadhaa kwa sababu kanzu haifichi tena. Hao wanahitaji kitanda, daktari wa upasuaji na nauli. Wenye miguu iliyovimba wanahitaji jambo dogo zaidi, nalo ni kuuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi na kuukausha vizuri, ili vidonda visiingie vijidudu. Maji safi, kila siku. Sasa rudini kwenye hesabu ya mitungi ya mwanzilishi.

Wazee wetu walikuwa na elimu hii bila maabara. Katika nyumba za mawe na katika misikiti, ndani ya birika la kuogea na kutawadhia, waliweka visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Nilipoanza kazi nilivikuta katika nyumba nyingi. Tulipoleta mapipa ya plastiki hatukuja na kitu cha kushika nafasi yao.

---

Mvuvi wa Faza

Ninyi wa Amu mna bahati hata katika ugomvi wenu, kwa maana hospitali kubwa iko upande wenu wa maji. Sisi wa kisiwa cha Pate, na wenzetu wa Ndau, Kiwayu na Kiunga, tunapopewa rufaa swali la kwanza ni boti, na la pili ni petroli. Huku ugonjwa hupimwa kwa lita. Mwaka mmoja tulimchukua mwanamke aliyekuwa katika uchungu tangu Isha. Boti ya wagonjwa haikupatikana, kwa hiyo tulizunguka nyumba kumi na moja tukichanga mafuta, mmoja akatoa lita mbili, mwingine moja, mwingine akafyonza iliyobaki kwenye tangi la mashine yake kwa mpira. Wakati tunachanga, maji yalikuwa yanatoka, na mlango wa bahari haukupitika tena mpaka maji yajae. Alizaliwa mtoto salama, alhamdulillahi, lakini mama yake alifika Amu jua limechomoza, na damu aliyoipoteza ilimlaza miezi miwili.

Juu ya maji, sisi tunategemea majabia, yale mahodhi makubwa ya kukinga mvua yenye sakafu pana ya kukusanyia maji. Mvua za masika zikikatika mapema, jabia linabaki na maji ya chini yenye tope, na hayo ndiyo tunayokunywa tukingoja vuli. Sakafu ikipasuka, mvua inanyesha tunaiona na hatuipati. Kukarabati jabia moja ni kazi ya saruji na mafundi wa siku chache. Nimeona fedha nyingi zaidi zikitumika kwenye semina za kutufundisha kuchemsha maji.

Na umaskini wenyewe una tarehe zake. Marufuku ya kukata miti ya Februari 2018 ilipoikumba mikoko, watu wa kazi ya kukata mikoko walikaa bila boriti la kuuza. Hakuna aliyeandika kwenye cheti cha mgonjwa kwamba chanzo ni marufuku ya mikoko, lakini sisi tuliona watoto wakipungua uzito.

---

Bi Mkubwa wa Mkomani

Wanangu, mmejadili kifuniko na hakuna hata mmoja aliyewahi kukifunika. Pipa la plastiki ninyi mnaloliona lilikuja na mafuta au dawa za kiwandani, likakatwa mdomo kwa msumeno ili ndoo ipate kuingia. Likishakatwa, kifuniko chake cha asili hakikai. Unaweka sinia, paka analiangusha. Unaweka ubao, mtoto anausogeza mara ishirini kwa siku, kwa kuwa anayeteka maji ni mtoto. Mimi hufunga kanga kuukuu na kuibana kwa mpira wa ndani wa baiskeli, na inafaa, ila kila atekaye aifunge tena, na anayesimamia hilo ni mwanamke yuleyule anayepika, anayeosha na anayeuguza. Kwa hiyo mwanangu Msemakweli, kifuniko hakina bei kubwa, lakini kina mtumishi, na mtumishi huyo halipwi.

---

Mkaazi wa Mokowe

Niongeze upande wa malipo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya zamani ya afya, NHIF, imeondoka na tuko chini ya SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi bila kuhisi sana. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato yake kwa maswali juu ya nyumba, paa na mali, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Shilingi 3,600 kwa mara moja, kwa mvuvi, katika mwezi upi? Wakati wa kaskazi bahari ni tulivu na mfuko una kitu. Kusi ikianza kupiga, vyombo vidogo vinakaa pwani, na ndio wakati wa mvua, na ndio wakati wa homa. Aliyepanga malipo ya mwaka hakuuliza upepo unavuma kutoka wapi. Ni kweli kwamba huduma za zahanati na vituo vya afya zimekusudiwa zisilipiwe, lakini zahanati ikikosa dawa, mgonjwa hupewa karatasi aende akanunue, na duka la dawa halina SHA.

Katiba yetu ya 2010, ibara ya 43, inataja haki ya kiwango cha juu cha afya na haki ya maji safi ya kutosha katika kifungu kimoja. Waliokiandika walijua kwamba mambo hayo hayatengani. Tulipogatuliwa afya mwaka 2013, na maji nayo yakawa ya kaunti, nilitarajia ofisi hizo mbili zikae meza moja.

---

Msemakweli

Bi Mkubwa, nimekuelewa na naomba radhi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini vifuniko havikai. Bado naudai mtaro wangu usafishwe, na bado nasema wanaotupa nepi humo wana akili timamu na miguu mizima. Ila ile sentensi yangu nimeifuta kwenye uzi ule mwingine.

---

Mtoto wa Langoni

Nashukuru, na zaidi nakushukuru wewe Msemakweli, kwa kuwa wachache hufuta. Mtaro wako sikuupuuza: mzee ametuonyesha kwamba una mbu wake na maradhi yake, na mimi nilikuwa nimeuacha kando kwa kuwa haukuifaa hoja yangu.

Ninalotaka kuliongeza ni juu ya mahali maji yetu yanapotoka. Mji wa Amu unakunywa mvua iliyohifadhiwa chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Maji hayo matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yanavyokaa juu ya supu, na yakivutwa kuliko yanavyorudishwa na mvua, chumvi hupanda. Kila nyumba ya fahari inayojengwa juu ya matuta, yenye bwawa la kuogelea na bustani, inakunywa kutoka kwenye bakuli lile lile analokunywa mtu wa mitaa ya Gadeni na Wiyoni, ila kwa mrija mnene zaidi. Ukame wa 2004 utarudi, kama si mwaka huu basi mwingine, na virusi hivyo vimekwisha kuonekana tena nchini, Mandera mwaka 2016 na Mombasa kuanzia mwisho wa 2017. Vijana waliozaliwa baada ya mlipuko wetu, wengi wao huenda hawana kinga ya chikungunya. Hao ndio hamali na wavuvi wa sasa.

Kwa hiyo kama ningekuwa na fedha za semina moja, ningezigawa mara mbili. Nusu ingekwenda kwenye saruji ya jabia la Faza. Nusu nyingine ningempa fundi seremala wa hapa hapa atengeneze vifuniko vyenye bawaba, vinavyojifunga vyenyewe mtoto akiachia, kwa kipimo cha mapipa yaliyokatwa mdomo. Nimekwisha kuzungumza na mmoja, naye ameomba aletewe pipa alione.

Nina swali kwa Afisa Mstaafu: je, vile visamaki vya birika vinaweza kuwekwa kwenye pipa?

---

Afisa wa Afya Mstaafu

Kwenye pipa dogo linalokaa juani visiwekwe, vitakufa kwa joto na maji yatanuka. Pipa lako lisugue ukuta wa ndani kwa brashi mara moja kwa juma, hasa pale juu maji yanapoishia, kwa maana mayai yameganda hapo na kumwaga maji peke yake hakuyaondoi. Ukibakisha maji kidogo chini, yatumie hayo hayo kusugulia, usiyapoteze.

Kwa birika lililo kivulini, visamaki vinafaa sana. Mimi ninavyo vingi kuliko ninavyohitaji. Anayevitaka aje baada ya Alasiri, na aje na chombo kipana chenye maji ya nyumbani kwake, asije na mfuko wa plastiki.

---

Bi Mkubwa wa Mkomani

Niwekee kumi, mwanangu. Nitamtuma mjukuu na sufuria.